Toba Isiyotengewa Fungu

Katika kabati la ofisi ya parokia ninayosali hapa Mwanza kuna daftari lenye jalada gumu la bluu. Kurasa zake kumi na moja za mwanzo zimejaa mwandiko mzuri, na zilizobaki ni tupu. Ni muhtasari wa vikao vya kamati iliyoundwa mwaka 2009, wakati mauaji ya watu wenye ualbino yalipokuwa yameitia Kanda ya Ziwa aibu mbele ya dunia nzima. Nilikuwa mmoja wa wajumbe, kwa hiyo lawama ninayoiandika hapa inaanzia kwangu. Tulikutana mara sita na kuazimia mambo mazito: kuzitembelea familia, kufundisha katika jumuiya ndogondogo, kuwasindikiza watoto kwenda shule. Kisha paroko aliyetuita akahamishwa, katibu akapata kazi Dodoma, na kikao cha saba hakikuitishwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu yeyote ambaye wajibu wake ulikuwa kukiitisha.

Nimelitoa daftari hilo kabatini mwaka huu baada ya kusoma kwa miezi kadhaa jinsi makanisa ya nchi nyingine yanavyohangaika kutunza ahadi zao za haki na upatanisho baina ya watu wa rangi mbalimbali. Nilidhani ningekuta habari za makanisa yaliyokataa kutubu. Nilichokuta zaidi ni makanisa yaliyotubu vizuri sana, kwa maneno yaliyopimwa na kwa machozi ya kweli, kisha yakarudi baada ya miaka ishirini kutubu dhambi ileile kana kwamba hayajawahi kuitamka. Nimefikia kuamini kwamba ahadi ya kanisa dhidi ya ubaguzi haifi kwa kukosa watu wenye moyo. Inakufa kwa sababu imeachwa juu ya mabega ya watu wenye moyo peke yao, nao huhamishwa, huchoka na hatimaye huzikwa, ilhali katiba, bajeti na utaratibu wa uteuzi vinabaki vilevile.

Sisi Wakatoliki tulifundishwa tangu tulipoandaliwa kwa Komunyo ya kwanza kwamba mtu anayekwenda kitubioni hujuta, huungama, kisha hutimiza malipizi. Hakuna katekista aliyewahi kumruhusu mtoto kuishia kwenye kuungama. Taasisi ya kanisa inapoungama, hata hivyo, jambo hilo la tatu huachwa bila mwenyewe, kwa sababu malipizi ya taasisi yanahitaji fedha, ofisi, ratiba na mtu wa kuulizwa. Waswahili husema ahadi ni deni, na kila mkopeshaji anajua kwamba deni lisiloandikwa jina la mdaiwa wala tarehe ya kulipwa halidaiki.

Kanisa la Uingereza ni mfano wa wazi. Sinodi yake kuu iliomba radhi mwaka 2006 kwa ushiriki wa kanisa hilo katika utumwa, ambao ulikuwa wa moja kwa moja: shirika lake la kimisionari lilimiliki shamba la miwa la Codrington huko Barbados, likiendeshwa na watumwa. Mwaka 2021 kikosi kazi kilichoundwa na maaskofu wakuu kilitoa ripoti kuhusu ubaguzi wa rangi ndani ya kanisa lenyewe. Kabla ya kuandika mapendekezo yao 47, wajumbe walirudi nyuma kuangalia yaliyokwisha kupendekezwa tangu miaka ya 1980, wakakuta ripoti zaidi ya ishirini zenye mapendekezo zaidi ya 160, mengi yakiwa hayajatekelezwa. Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Nyuma ya ripoti hizo zote walikuwepo watu waliosafiri, waliotoa ushuhuda wa kudhalilishwa kwao mbele ya wageni, wakaahidiwa kwamba safari hii mambo yatabadilika.

Lililonigusa zaidi ni hatima ya pendekezo moja kati ya yale 47, lililotaka kila dayosisi iwe na ofisa wa haki ya rangi anayefanya kazi hiyo muda wote kwa mshahara. Baraza la maaskofu wakuu lilipokea sehemu kubwa ya mapendekezo, lakini hilo halikukubaliwa, kwa sababu ya nia ya kupunguza gharama za utawala. Fedha za kazi hiyo zilitengwa baadaye kwa njia nyingine, na tume iliyoongozwa na Paul Boateng ikafuatilia utekelezaji kwa miaka mitatu. Mwaka 2023 wasimamizi wa mali za kanisa hilo wakatangaza fungu la pauni milioni 100 baada ya kuthibitisha kwamba sehemu ya mtaji wao wa kale ilitokana na kampuni iliyosafirisha watumwa. Sitaki kuyadharau hayo. Ila msomaji atambue ni pendekezo la aina gani lililokwama kwanza: lile ambalo lingemfanya mtu fulani, katika chumba fulani, aamke kila Jumatatu akiwa na kazi hiyo na si nyingine.

Wajesuiti wa Maryland nchini Marekani waliuza watu 272 mwaka 1838, na sehemu ya fedha hizo ikaokoa chuo chao cha Georgetown kilichokuwa kimeelemewa na madeni. Shirika liliomba radhi mwaka 2017, na mwaka 2021 likaahidi dola milioni 100 kwa mfuko unaoendeshwa pamoja na wazao wa waliouzwa. Mwaka mmoja tu baadaye wazao hao walilazimika kulalamika hadharani kwamba fedha zinakuja polepole mno. Malalamiko hayo mimi nayahesabu kuwa habari njema, kwa kuwa yanaonyesha kwamba safari hii walioumizwa wamepewa nafasi ndani ya chombo chenyewe, wanaona hesabu, na wanaweza kudai. Kamati yetu ya mwaka 2009 haikuwa na mjumbe hata mmoja mwenye ualbino. Tuliwajadili watu ambao hawakuwepo.

Afrika Kusini inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu inatuonyesha jinsi dhuluma ilivyojengwa, na aliyeijenga aliijenga kwa ufundi kuliko sisi tunavyojenga haki. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Matengenezo la Kiholanzi huko Cape ilijadili kama waumini weusi na weupe washiriki meza moja ya Bwana. Azimio lake lilikiri kwamba kushiriki pamoja ndiko kunakotakiwa na ndiko kunakopatana na Maandiko, ila pale ambapo udhaifu wa baadhi ya watu ungezuia kazi ya injili, ibada ziruhusiwe kufanyika tofauti. Lilikuwa jambo la huruma kwa wanyonge wa imani, na wanyonge waliohurumiwa walikuwa wazungu wasiotaka kunywa kikombe kimoja na mtu mweusi. Ruhusa hiyo ndogo haikuachwa hewani. Mwaka 1881 ilipata kanisa lake: waumini walioitwa machotara walitengewa kanisa la kimisheni, na baadaye wengine wakatengewa makanisa mengine, yenye sinodi, wachungaji, majengo na vitabu vya hesabu. Wakati serikali ya Makaburu ilipoingia madarakani mwaka 1948 na kuanza kutunga sheria za ubaguzi, tayari kanisa lilikuwa limeishi katika utengano kwa vizazi kadhaa, nao ulionekana kama hali ya asili.

Ubaguzi ule haukutegemea chuki ya mchungaji yeyote. Mchungaji mpole, mwenye kuwapenda watu wote, angeweza kuhudumu miaka arobaini ndani ya muundo ule bila kumtukana mtu, na ubaguzi ungeendelea kufanya kazi yake kupitia ratiba za ibada na mipaka ya mitaa. Ndiyo maana toba iliyokuja baadaye haikuweza kutosheka na upole. Mwaka 1982 muungano wa dunia wa makanisa ya Matengenezo, uliokutana Ottawa, ulitangaza kwamba kuutetea ubaguzi wa rangi kwa teolojia ni uzushi, na ukayasimamisha uanachama makanisa mawili ya wazungu. Mwaka huohuo kanisa lile la waliotengwa, likikutana Belhar karibu na Cape Town, liliandika rasimu ya ungamo la imani juu ya umoja, upatanisho na haki, nalo likapitishwa mwaka 1986. Hekima ya Ungamo la Belhar ilikuwa kuingiza suala la ubaguzi ndani ya imani yenyewe. Tamko hutolewa na askofu wa wakati huo na huweza kusahauliwa na anayemfuata. Ungamo la imani, kwa upande mwingine, husainiwa na kila mchungaji anayewekewa mikono, na anayelikiuka huweza kuulizwa.

Njia hiyo nayo ina gharama, na gharama hizo zinafundisha. Mnamo Novemba 1990, katika mkutano wa makanisa uliofanyika Rustenburg, profesa Willie Jonker aliungama dhambi ya ubaguzi kwa niaba yake na ya kanisa lake la Kiholanzi, na Askofu Mkuu Desmond Tutu akasimama papo hapo kupokea ungamo hilo. Watu walilia. Hata hivyo kanisa lilelile lilipoulizwa kwa utaratibu wa katiba yake kama litaipokea Belhar kuwa msingi wa imani yake, kura za lazima hazikupatikana, na pendekezo likaanguka mwaka 2015, robo karne baada ya machozi ya Rustenburg. Mwaka uliofuata kanisa la Presbyterian la Marekani, lililo mbali na nchi hiyo, liliikubali Belhar miongoni mwa maungamo yake. Naona hapo ushahidi wa wazi kwamba kusamehewa ni rahisi kuliko kubadili kanuni, na kwamba kura iliyoshindwa inasema ukweli mwingi zaidi kuliko sala iliyofaulu, kwa kuwa inaonyesha toba imefika wapi na imekwama kwa nani.

Wamethodisti wa Marekani walipita njia fupi zaidi. Mwaka 1939 walipoungana walizikusanya sharika za watu weusi za nchi nzima katika jimbo moja la rangi, huku majimbo mengine yakigawanywa kwa jiografia. Jimbo hilo lilipovunjwa mwaka 1968, katika mwaka huohuo kanisa liliunda tume ya kudumu ya dini na rangi, na tume hiyo ipo hadi leo. Haikumaliza ubaguzi, lakini watu wamezaliwa na kustaafu wakiikuta ipo.

Msomaji wa Mwanza anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu ufuko huu wa ziwa una historia yake katika jambo hili, na kwa sehemu ni historia ya kutia moyo. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walifika Bukumbi, kusini mwa mji wetu, mwaka 1883, na miongoni mwa watu wa kwanza waliowalea hapo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Sisemi wamisionari hao walikuwa huru na dharau za zama zao. Shule za misheni zilifanya kazi ndani ya mfumo wa kikoloni uliowatenga watoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika, hadi nchi huru ilipoziunganisha shule mwaka 1962. Lakini katika jambo moja walitenda tofauti na wenzao wengi. Mwaka 1893, upande wa Uganda, walianzisha seminari kwa vijana wa ufuko huu, wakawafundisha Kilatini na teolojia kwa kipimo kilekile cha Ulaya, na wakakubali kusubiri. Mapadre wawili wa kwanza walipadrishwa mwaka 1913. Yaani miaka ishirini ya kulisha, kuvisha na kufundisha, bila kuona tunda, katika kipindi ambacho Wazungu wengi walicheka wazo lenyewe la padre mweusi. Seminari ya Rubya, upande wa Kagera, ilianza mwaka 1904 kwa mtindo huohuo. Mwaka 1939 Joseph Kiwanuka wa Masaka akawekwa wakfu mjini Roma, askofu Mkatoliki wa kwanza Mwafrika mweusi wa zama hizi, na mwaka 1960 Laurean Rugambwa, aliyesoma Rubya, akawa kardinali wa kwanza Mwafrika.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi. Waliolianzisha hawakutoa tamko lolote kuhusu usawa wa rangi, na pengine baadhi yao wangelikataa kama wangeletewa walisaini. Walichofanya ni kujenga shule yenye bajeti, ambayo ingetoa mapadre weusi hata kama msimamizi wa mwaka huo angekuwa mtu wa dharau. Hapa Mwanza matokeo yalionekana mwaka 1965, Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi mwenye umri wa miaka 57, alipojiuzulu, na mwaka uliofuata Renatus Butibubage akashika kiti hicho. Kama pasingekuwa na seminari, kujiuzulu huko kungeacha kiti kitupu.

Mwalimu Nyerere, mtu wa ukanda huuhuu wa ziwa, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba kanisa lisiposhiriki kuipinga miundo inayowafunga watu katika ufukara na udhalilishaji, litahesabiwa pamoja na wakandamizaji. Alizungumzia miundo, wala hakuwatuhumu kwa ukosefu wa wema. Alikuwa anazungumza na watu wema.

Je, muundo hauwezi kuiua roho? Unaweza. Nimeona kamati za kudumu ambazo kazi yake imebaki kuchapisha fulana na kupanga semina yenye posho, na nimeona ofisi inayogeuka pahali pa kutupia jambo ili wengine wasiliguse. Anayeogopa hilo ana sababu. Lakini kamati iliyolala huamshwa, kwa kuwa ina jina, ina wajumbe na ina tarehe iliyopita. Moyo uliopoa hauna anwani. Nguvu ya soda tunaijua wote, na sijaona bado parokia iliyoidumisha kwa kuongeza sukari.

Kwa hiyo turudi nyumbani. Ubaguzi wa rangi ndani ya makanisa yetu una nyuso mbili ambazo hatupendi kuziita kwa jina hilo. Wa kwanza unaonekana siku mgeni mweupe anapofika. Mzee wa kanisa mwenye miaka themanini anainuliwa kwenye kiti chake, kwaya inabadilisha ratiba, na mgeni, ambaye pengine ni kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuja kujitolea, anaombwa asalimie waumini. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, uliliona jambo hili na kuliita kwa jina lake. Ukarimu ni mali yetu na tusiuache, ila kumheshimu mgeni kwa rangi yake, tukijua kwamba ana uhusiano na mfadhili, ni kumfundisha mtoto aliyeketi sakafuni mahali pake duniani. Uhusiano wa majimbo na dayosisi zetu na marafiki wa Ulaya unahitaji mikataba inayosema nani anaamua, nani anatoa hesabu kwa nani, na kama sisi nasi tunaruhusiwa kukagua cha kwao.

Wa pili ni mzito zaidi. Mtu mwenye ualbino si wa taifa jingine, maana Msukuma mwenye ualbino ni Msukuma, na Mkerewe ni Mkerewe. Lakini amewindwa kwa sababu ya ngozi yake, amefichwa, mama yake ameachwa na mume, na jina alilopewa mtaani ni tusi. Mahakama iliyoketi Kahama mwaka 2009 iliwahukumu wauaji kwa mara ya kwanza, serikali ikapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015, na makanisa yakalaani kila mara. Laana za makanisa zilikuwa za kweli. Hata hivyo panga si adui pekee: saratani ya ngozi huwaua watu wenye ualbino wengi wakiwa bado vijana, na uoni hafifu huwaondoa watoto shuleni kimyakimya. Hospitali ya Bugando, iliyo juu ya kilima chetu na iliyo mali ya kanisa, huwapokea wakiwa na vidonda ambavyo mafuta ya kujikinga na jua na kofia pana vingevizuia.

Hapo ndipo ninapoipima toba yetu. Parokia inayonunua mishumaa kila mwezi inaweza kununua mafuta hayo kila mwezi, kwa fungu lililoandikwa katika bajeti na kupitishwa na halmashauri ya walei, ili paroko ajaye alikute. Vitabu vya nyimbo na masomo vinaweza kuchapwa kwa herufi kubwa, na msomaji mwenye ualbino akapangwa zamu kama wengine. Ibada za nje za mchana zinaweza kuwekewa turubai, ambalo kwa sasa hufungwa upande wa wageni waalikwa tu. Mjumbe mwenye ualbino anaweza kuwa na kura katika halmashauri kwa mujibu wa katiba yake, wala asingoje kukumbukwa. Na kwa kuwa kanisa kuu la jimbo letu limewekwa chini ya Epifania, sikukuu ya mataifa kuijia nuru, sioni siku inayofaa kuliko hiyo kusomewa mbele ya waumini taarifa ya mwaka: kilichoahidiwa, kilichotolewa, kisichotolewa, na jina la anayepaswa kujibu.

Halmashauri yetu ya walei itakutana Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao. Nimemwandikia katibu barua kuomba ajenda hii iwekwe kabla ya taarifa ya mapato na matumizi, kwa sababu ikishasomwa hiyo, wajumbe wa Igoma na Buhongwa huanza kutoka mmoja mmoja kuwahi daladala, na maazimio yanayopitishwa na watu watano huwa hayana wa kuyatetea kikao kinachofuata.